Barua ya wazi kwa wakuu wa Texas: Rufaa ya mzazi asiyejua Kiingereza

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa jimbo la Texas, Waheshimiwa Majaji wa Mahakama ya Juu ya Texas, na Wakuu wa Idara ya Huduma za Familia na Ulinzi.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mama. Nimezaliwa Kivu ya Kusini, nimekulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na leo ni mkazi wa jimbo lenu, nafanya kazi na kulipa kodi kama wengine. Nawasindikiza akina mama wenzangu mahakamani pale watu wa CPS, kitengo cha serikali cha kulinda watoto, wanapochukua watoto wao. Sikusomea uanasheria. Nina gari, nina Kiingereza cha kutosha, na sheria zenu nimezisoma kifungu baada ya kifungu kwa sababu akina mama hao waliniuliza maswali ambayo hawakupata mtu wa kuwajibu. Barua hii naiandika kwa Kiswahili ili wanaohusika nayo waisome wenyewe na kujua nimewaombea nini. Nakala ya Kiingereza nitaifikisha Austin, makao makuu ya jimbo.

Jambo langu ni rufaa. Sina ubishi juu ya serikali kuwa na mamlaka ya kumwondoa mtoto mahali pa hatari. Wapo watoto wanaoumizwa majumbani, na kwetu pia wapo, na mzazi anayemchoma mtoto kwa pasi simtetei mahali popote. Ninachowaletea ni kile kinachofuata baada ya hukumu, pale jaji anaposema kwamba kuanzia leo huyu si mtoto wako kisheria, na mama anasimama pale akimtazama mkalimani.

Kesi moja ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Majina, mji na mahakama nitaviacha. Mama mmoja alikuwa anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Watoto wanne, baba yao hayupo. Alikuwa akiwapikia, akihakikisha wamekula na kuoga, kisha akimwachia nyumba binti yake mkubwa na kwenda kazini. Jirani akapiga simu polisi, watoto wakachukuliwa. Siku ya kusikilizwa aliulizwa usiku ule aliondoka nyumbani saa ngapi. Akajibu, "Saa mbili usiku." Mkalimani hakuwapo ukumbini, alikuwa kwenye simu, sauti inakatika na kurudi. Kilichomfikia jaji kwa Kiingereza ni kwamba mama huyu aliondoka saa nane za usiku.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa tofauti yake. Saa mbili usiku watu bado wako macho, televisheni inaongea, jirani anayejua lugha yako ukimgongea anafungua. Saa nane ni usiku wa manane. Mama anayetoka saa mbili anawahi zamu ya saa tatu. Mama anayetoka saa nane anakwenda wapi? Swali hilo wakili wa serikali aliliuliza kwa maneno hayohayo, na mama hakulielewa, kwa sababu akilini mwake yeye alikuwa ameshasema anakwenda kazini. Akajibu tena, "Nilienda kazi." Ikaonekana anadanganya.

Nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Mtazamaji haruhusiwi kufungua mdomo. Tulipotoka kwenye korido nikamweleza wakili wake, akaandika kwenye karatasi yake, na jambo likaishia hapo. Haki za uzazi zikafutwa. Akakata rufaa, na wiki nyingi baadaye ikaja hukumu ya rufaa ikisema kwamba mzazi kwa kinywa chake mwenyewe alikiri kuwaacha watoto saa nane za usiku.

Waheshimiwa, nataka mlitazame hili kwa makini, kwa kuwa majaji wale wa rufaa hawakufanya uzembe. Walifuata sheria. Rufaa haisikilizi mashahidi upya wala haipokei ushahidi mpya. Kadi ya kiwanda inayoonyesha saa aliyoingia kazini ingemsafisha, ila haikutolewa kwenye kesi ya kwanza, basi kwenye rufaa haipo. Majaji wanasoma mwenendo wa kesi kama ulivyoandikwa na mwandishi wa mahakama, na huyo kwa kawaida anaandika Kiingereza tu. Maneno ya mama, yale yaliyotoka kinywani mwake, hayamo popote. Hayakuandikwa, hayakurekodiwa. Jaji wa rufaa hata akitaka kumtafuta mtu wa kuhakiki tafsiri, hana cha kumpa asikilize. Na juu ya hayo kuna kanuni kwamba kosa lisilopingwa palepale mbele ya jaji wa kwanza halisikilizwi kwenye rufaa. Mahakama ya Juu ya Texas iliishikilia kanuni hiyo mwaka 2003 hata katika kesi za kufutiwa haki za uzazi. Sasa nani wa kulipinga kosa la mkalimani? Mama hajui Kiingereza, wakili hajui Kiswahili, jaji vilevile. Anayejua zote mbili ni mkalimani peke yake, naye ndiye aliyekosea.

Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya nchi hii iliamua kesi ya M.L.B. dhidi ya S.L.J., iliyotoka Mississippi. Mama mmoja alikuwa amefutiwa haki za uzazi na hakuwa na dola 2,352.36 za kulipia mwenendo wa kesi ili rufaa yake isikilizwe. Majaji sita kwa watatu walisema jimbo haliwezi kumfungia mzazi mlango wa rufaa kwa sababu ya umaskini wake. Sababu waliyoitoa naikubali kwa moyo wote: kumkata mtu na mtoto wake ni jambo zito mno kulinganisha na kesi ya kawaida ya madai, na bila mwenendo wa kesi rufaa ni jina tu. Mama ninayemzungumzia hakudaiwa senti. Mwenendo wa kesi alipewa bure, kurasa zote. Lakini aliyesema ndani ya kurasa hizo si yeye.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza liko kwenu, majaji wa Mahakama ya Juu, kwa sababu kanuni za rufaa mnazitunga ninyi. Kila kesi ya kufuta haki za uzazi inayotumia mkalimani irekodiwe sauti tangu mwanzo hadi mwisho, sauti ya mzazi na ya mkalimani zote mbili, na rekodi hiyo iwe sehemu ya mwenendo wa kesi unaopelekwa mahakama ya rufaa. Na kosa la tafsiri likigundulika ndani ya rekodi hiyo, lisizuiwe kwa hoja kwamba halikupingwa siku ile. Kurekodi sauti si gharama ya kulitisha jimbo hili. Simu zilizo mifukoni mwetu zinafanya kazi hiyo.

Nirudi kwenye siku, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea, hata kabla ya kufika kwenye makosa ya tafsiri.

Katika jimbo lenu rufaa za aina hii zinaitwa rufaa za haraka. Mzazi ana siku 20 kuwasilisha taarifa ya rufaa, zikihesabiwa tangu siku jaji alipotia saini hukumu. Haijalishi karatasi ilikufikia lini, wala ulielewa lini kilichoandikwa. Kuna siku 15 za kuomba nyongeza, kwa anayejua kwamba zipo. Kesi ikiwa imesikilizwa na jaji msaidizi, kama ilivyo katika mahakama nyingi za ulinzi wa watoto, mzazi anayetaka isikilizwe upya na jaji mwenyewe ana siku tatu za kazi tangu apate taarifa ya uamuzi. Siku tatu! Sisi tuliolelewa kambini, ambako jibu la ombi la kuhamishwa lilichukua miaka, unatuambia siku tatu tunadhani umekosea kusema. Na miezi sita ikishapita tangu hukumu kusainiwa, sheria yenu, kifungu cha 161.211 cha Sheria ya Familia, inafunga mlango kabisa, hata kama baadaye utapata ushahidi wa kumfanya kila mtu alie.

Najua haraka hii imetoka wapi, na siibezi. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuasili watoto na usalama wa familia, baada ya kuona watoto wanazungushwa kwa walezi wa muda mwaka baada ya mwaka bila kuwa na kwao. Ikaamuliwa kwamba mtoto akikaa mikononi mwa serikali miezi 15 kati ya 22, jimbo lifungue kesi ya kufuta haki za mzazi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa mtoto kukaa kwa ndugu. Texas ikajiwekea ukali zaidi: kesi iwe imeanza kusikilizwa ndani ya mwaka mmoja na siku kidogo, na kwa sababu za kipekee jaji anaweza kuongeza siku 180. Mahakama za rufaa nazo zinatakiwa kumaliza ndani ya siku 180. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusubiri miaka mitano ajue mama yake ni nani. Hilo mimi kama mama nalielewa kuliko mnavyodhani. Haraka inayomfaa mtoto, hata hivyo, ni ile inayofika kwenye jibu sahihi, na anayepoteza mama yake kwa sababu ya saa iliyotafsiriwa vibaya hakusaidiwa na haraka hiyo.

Sasa soma kifungu cha 263.405. Kinaamuru kila hukumu ya mwisho iwe na tangazo la haki ya kukata rufaa, tena lionekane wazi, kwa herufi kubwa au nzito. Linasema mhusika ana haki ya kukata rufaa, kwamba rufaa hiyo inafuata utaratibu wa rufaa za haraka, na kwamba asiyefuata kanuni rufaa yake inaweza kutupwa. Nimeliona tangazo hilo kwenye hukumu za akina mama wengi. Herufi ni kubwa kweli. Ni za Kiingereza, na siku 20 hazikutajwa ndani yake hata mara moja. Mama anashika karatasi, anaona mstari umeandikwa kwa herufi nzito, anajua kuna jambo zito hapo, ananiuliza, "Dada, hapa wanasema nini?" Na mara nyingine ananiuliza siku zikiwa zimeshakwisha.

Linganisha na kifungu cha 263.102, kinachohusu mpango wa huduma, ile orodha ya mambo ambayo mzazi anatakiwa kuyatimiza ili arudishiwe watoto: darasa la malezi, ushauri nasaha, vipimo, nyumba ya kudumu. Hapo sheria yenu wenyewe inasema mpango huo uandikwe kwa lugha ambayo wazazi wanaielewa, au ufikishwe kwao kwa njia nyingine. Mliona, na mliona vizuri, kwamba huwezi kumdai mtu atimize asichokielewa. Basi kwa nini karatasi ya kwanza iwe kwa lugha yake na ya mwisho, inayomtenga na mtoto maisha yote, isiwe? Sielewi, na nimetafuta sababu bila kuipata. Nadhani ilisahaulika tu. Kama ilisahaulika, kuirekebisha ni sentensi moja.

Hilo ndilo ombi langu kwenu wabunge. Mnakutana kila mwaka wa namba witiri, kwa siku 140. Katika siku hizo ongezeni maneno machache kwenye kifungu cha 263.405: tangazo la rufaa liandikwe pia kwa lugha anayoielewa mzazi, litaje idadi ya siku na tarehe ya mwisho yenyewe, na jaji alisome kwa sauti kupitia mkalimani kabla mzazi hajatoka ukumbini. Na kwa mzazi aliyetumia mkalimani, siku zianze kuhesabiwa pale alipopewa tangazo hilo. Sihitaji muongeze hata siku moja juu ya zile 20, mradi zihesabiwe tangu mtu alipojua.

Nisiwe mnyimi wa shukrani. Mwaka 1981, katika kesi ya Lassiter, Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kusema kwamba kila mzazi maskini lazima apewe wakili katika kesi za namna hii. Texas haikujificha nyuma ya hukumu hiyo: sheria yenu inampa wakili mzazi asiye na uwezo anayepinga kufutiwa haki, na wakili huyo anatakiwa kubaki naye mpaka rufaa zote ziishe. Mwaka 2016 Mahakama yenu ya Juu ilithibitisha kwamba haki hiyo inafika hadi kwenye milango yake. Mwaka 2019 ikasema tena kwamba sababu fulani za kufuta haki lazima zikaguliwe na mahakama ya rufaa hata kama kuna sababu nyingine inayotosha, kwa kuwa doa la hukumu hiyo linaweza kumfuata mzazi hadi kwa watoto wake wengine. Na mwaka 2021 wabunge mlifungua njia ya mzazi kuomba kurejeshewa haki baada ya miaka miwili, ikiwa mtoto hajaasiliwa. Haya ni mambo mema, nami huwaeleza akina mama kwamba jimbo hili halina moyo wa jiwe. Ila hiyo njia ya mwisho haiwafikii wenye watoto wadogo, maana watoto wadogo ndio hupata wazazi wapya haraka.

Kuhusu mawakili hao wa rufaa nina neno. Wakili akiona rufaa haina hoja, anaruhusiwa kuiandikia mahakama hivyo, na mzazi anatumiwa barua kwamba ana nafasi ya kuusoma mwenendo wa kesi na kuleta majibu yake mwenyewe. Niliikuta barua ya namna hiyo kwenye droo ya jikoni ya mama mmoja, katikati ya bili za umeme na matangazo ya pizza, bahasha haijafunguliwa. Alidhani ni ile ile barua aliyokwisha kuipata, kwa sababu jina la juu ya bahasha lilikuwa lile lile. Ndani yake ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kusema. Wakili huyo hakuwahi kuzungumza naye kwa mkalimani hata dakika kumi. Kanuni imlazimishe azungumze naye, ana kwa ana au kwa simu, mkalimani akiwapo, kabla ya kuandika kwamba hakuna hoja. Kuna mambo ambayo mwenendo wa kesi wa Kiingereza hauwezi kumwonyesha, na kosa la saa ni mojawapo.

Kwenu wakuu wa Idara, jambo langu ni la wakalimani. Sheria inaruhusu, kwa lugha isiyo Kihispania, kutumia mtu asiye na leseni pale jaji anapoona hakuna mwenye leseni ndani ya maili 75. Kwa miji yetu mingi hali ndiyo hiyo. Lakini Waswahili tupo Texas kwa maelfu: Houston, Dallas, Fort Worth, Abilene, Amarillo. Vijana wetu waliomaliza shule hapa wanazungumza Kiingereza kuliko mimi, na wengi wanasafisha ofisi usiku. Wafundisheni, wasaidieni kupata leseni, walipeni. Na msidhani kila Mkongo ni Mswahili. Nimemwona baba mmoja Mkongo, ambaye lugha yake ni Kinyamulenge, akiwekewa mkalimani wa Kiswahili wa pwani na kuitikia ndiyo kwa kila swali, kwa adabu tu. Muulizeni mtu lugha yake siku ya kwanza, na jibu liandikwe kwenye faili.

Mwezi Machi 2025 amri ya rais ilifuta ile ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, na tangu hapo nimesikia ofisini watu wakisema mkalimani si lazima tena. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza kumbagua mtu kwa asili yake, haijafutwa. Wala uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi katika kesi ya Santosky wa mwaka 1982, unaotaka ushahidi ulio wazi na wa kushawishi kabla jimbo halijamtenga mzazi na mtoto wake, haujafutwa. Ushahidi hauwezi kuwa wazi kama aliyeutoa na aliyeusikia hawakusikilizana.

Yule mama wa saa mbili usiku bado anafanya kazi kiwandani. Watoto wake wadogo wawili wameshaasiliwa na jina lao la ukoo limebadilishwa. Kwa hao hakuna rufaa iliyobaki, na barua hii haiwezi kuwarudisha. Naomba mpange siku ya kutusikiliza Austin kabla ya kikao kijacho cha Bunge. Tutakuja na wazazi, tutakuja na hukumu zenye majina yaliyofichwa, na mkalimani tutamleta wenyewe.

Kwa heshima,

Mama msindikizaji wa familia,
Texas